Nibaki na GNOME 2 yangu au nihamie sura mpya?

"Nina kompyuta ya mezani yenye Debian 6 na GNOME 2. Niliiweka mwaka 2011, na tangu 2013 sijaisasisha kwa kuogopa isije ikanibadilishia sura. Kazi yangu ni kuhariri vitabu, na nashinda mbele yake karibu siku nzima. Juu nina upau wenye menyu tatu, chini upau wenye orodha ya madirisha, na kurasa nne za kazi. Mikono yangu inajua kila kitu kilipo bila macho kuiambia. Sasa kivinjari kinakataa kufungua tovuti nyingi. Nimenunua kompyuta mpya, na mdogo wangu ambaye ni fundi akaniwekea Debian 13 yenye GNOME ya sasa. Nimeijaribu siku tatu: madirisha hayana kitufe cha kushusha, menyu zimepotea, orodha ya madirisha haipo. Nikarudi kwenye ile ya zamani. Mdogo wangu anasema nimeng'ang'ania maiti, kwamba ninachokililia ni mazoea tu, na kwamba kila kitu cha zamani si salama. Rafiki zangu wengine wanasema hivi vipya ni mapambo tu, niendelee na yangu mradi inawaka. Nani anasema kweli? Na je, ipo njia ya kubaki na mpangilio wangu bila kujihatarisha?"

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja, na wote wanaokushauri wanayajibu kana kwamba ni moja. Kuna swali la mpangilio, yaani GNOME, ile sura ya eneokazi unayoitazama: pau zako mbili, menyu tatu, kurasa nne. Na kuna swali la usalama: programu za Debian, mfumo wa Linux unaoiendesha kompyuta yako, ambazo hazijaguswa tangu 2013 zinapokutana na mtandao wa leo. Kwenye usalama mdogo wako amesema kweli, tena kwa upole kuliko ambavyo ningesema mimi. Kwenye mpangilio amekosea. Rafiki zako wameutetea mpangilio wako kwa haki kabisa, kisha wakakuacha umekaa ndani ya jengo lenye nguzo zilizooza.

Kwa hiyo chomoa waya wa mtandao wa hiyo Debian 6 leo, kabla ya kuendelea kusoma. Mpangilio wako usiuache. Upo hai kwa jina jingine, una watu wanaoushonea viraka, na kuuweka kwenye kompyuta yako mpya ni kazi ya mchana mmoja.

Nianze na hilo neno "mazoea tu", kwa sababu linamwonea mtu. Mhariri anapohama kutoka muswada kwenda kamusi na kurudi, akili yake inatakiwa ibaki kwenye sentensi. Mkono ukilazimika kuuliza dirisha liko wapi, sentensi inamponyoka. Mazoea hayo umeyalipia kwa miaka, na ni sehemu ya zana zako kama vile mguu wa fundi cherehani unavyojua kanyagio bila yeye kuinama kutazama. Niliwahi kuhama eneokazi katikati ya kazi yenye tarehe ya mwisho, na kwa wiki mbili nzima kila nilipotaka kubadili dirisha nilisimama, nikafikiri, nikakumbuka, ndipo nikabonyeza. Faili zangu zote zilikuwa salama, lakini kazi ilienda kwa kuchechemea. Gharama ya namna hiyo ni ya kweli, na anayeilipa ni mtumiaji, si yule aliyechora sura mpya. Kuitaka ipungue si kukataa maendeleo.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Tunachokiita Linux ni tabaka zilizopangana, na kila tabaka lina watengenezaji wake na ratiba yake. Chini kabisa kuna kerneli, inayozungumza na vifaa. Juu yake kuna mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Kwa miaka mingi ulikuwa X11, na sasa unaipisha Wayland. Halafu kuna maktaba za msimbo zinazochora vitufe, menyu na visanduku vya kuandikia: GNOME na jamaa zake hutumia GTK, na KDE, mradi mwingine mkubwa wa eneokazi, hutumia Qt. Eneokazi lenyewe limekaa juu ya hayo yote, yaani upau, msimamizi wa madirisha, kidhibiti cha faili na mipangilio. Kivinjari na programu yako ya kuandikia wala si sehemu ya eneokazi. Ndiyo maana LibreOffice ile ile hufunguka ndani ya GNOME, ndani ya Plasma, eneokazi la KDE, au ndani ya Xfce bila kujali upau uko wapi.

Hapo ndipo pande zote mbili zinapokosea pamoja. Mdogo wako anadhani kuacha tabaka za zamani ni lazima kuende na kuacha sura ya zamani. Rafiki zako wanadhani kubaki na sura ni lazima kuende na kubaki na tabaka zote za chini yake. Sivyo. Sura inaweza kubaki huku kila kilicho chini yake kimebadilishwa.

Ilikuwaje basi GNOME 2 ikaondoka? Toleo 2.0 lilitoka Juni 2002, na la mwisho, 2.32, Septemba 2010. Katika miaka hiyo minane juu palitulia, na utulivu huo ndio ulioupenda, lakini chini vitu vilizeeka. Vijiprogramu vya kwenye upau, kama saa na kipima hali ya hewa, vilizungumza na upau kwa kupitia Bonobo, mfumo mzito wa kuziunganisha programu, na waliokuwa tayari kuutunza walizidi kupungua. Mipangilio ilihifadhiwa na GConf, nayo ilikuwa imechoka. GTK 2 ilikuwa imebebeshwa mambo ambayo haikuundwa kuyabeba. Hayo yote yalihitaji kung'olewa, na kwenye hilo nawaunga mkono waliofanya kazi ile.

Lakini GNOME 3.0, iliyotoka Aprili 2011, ilifanya na jambo la pili kwa mpigo huo huo: ilibadilisha wazo lenyewe la namna ya kuishi ndani ya kompyuta. Orodha ya madirisha ikaondolewa, kitufe cha kushusha dirisha kikaondolewa, na mahali pake pakaja mwonekano mmoja mpana uitwao Activities, unaoutembelea kila unapotaka kuhama. Waliobuni waliamini kwamba vitu vinavyowakawaka pembeni huiba umakini wa mtu, na walikuwa pia wanazitazama skrini ndogo na za kugusa. Wazo hilo lina heshima yake. Hata hivyo kuchakaa kwa Bonobo hakukulidai. Ukarabati wa msingi na ramani mpya ya nyumba vilikabidhiwa kwa watumiaji ndani ya mfuko mmoja, na aliyeikataa ramani akaonekana anaukataa ukarabati. Ugomvi ulioanza siku hizo ndio huo huo unaoendelea leo kati yako na mdogo wako.

KDE ilikuwa imeipitia njia hiyo kabla. KDE 3.5 ilipendwa mno kwa uthabiti wake, KDE 4.0 ilipotoka Januari 2008 ilikuwa na misingi mipya mizuri na mapengo mengi, na watu wengi waliikimbia. Mmoja wao alikuwa Linus Torvalds, aliyeanzisha kerneli ya Linux: aliihama KDE kwenda GNOME, mwaka 2011 akaihama GNOME 3 kwenda Xfce, na kufikia 2013 alikuwa amerudi GNOME. Namtaja kwa sababu mbili. Kwanza, kutatizwa na sura mpya si dalili ya kutojua kompyuta. Pili, alirudi. Vitu hivi huiva, na anayevichukia leo si lazima avichukie daima.

Sasa kuhusu hiyo maiti. Mwaka ule ule wa 2011 mtumiaji mmoja wa Arch Linux, mfumo mwingine wa Linux, kutoka Argentina aliuchukua msimbo wa GNOME 2, ambao leseni yake inamruhusu yeyote kuuendeleza, akaupa jina la MATE. Programu zake zilipewa majina mapya zisije zikagongana na za GNOME 3 kwenye kompyuta moja: Nautilus ikawa Caja, Gedit ikawa Pluma, Evince ikawa Atril, Metacity ikawa Marco. Utakapoyaona majina hayo usishtuke. Ni wenzako wa siku zote. Kisha, taratibu, wakabadilisha mifupa. Bonobo ikaondolewa. GConf ikapisha mfumo mpya wa mipangilio. Toleo 1.18, la Machi 2017, likakamilisha kuhama kutoka GTK 2 kwenda GTK 3, na hilo lilikuwa na maana kubwa kwa sababu matunzo ya GTK 2 yalifikia kikomo Desemba 2020, GTK 4 ilipotoka. Upau wako wa juu na menyu zake tatu, Applications, Places na System, vimevuka salama. Hata mikato ya kibodi ni ile ile: Ctrl, Alt na mshale kuhama ukurasa wa kazi, Alt na F2 kuita programu kwa jina.

Wapo waliochagua njia nyingine. Watu wa Linux Mint waliichukua misingi ya GNOME 3 wakaijengea juu yake sura ya kizamani, ndiyo Cinnamon. Xfce, iliyozaliwa 1996, haikumwacha mtu njiani kwa sababu hubadilika kwa mwendo wa kobe: kati ya toleo 4.12 na 4.14 ilipita miaka minne na nusu. Na waliokuwa wanaililia KDE 3.5 wanayo Trinity, ambayo ilibidi ichukue hata maktaba ya zamani ya Qt 3 na kuitunza yenyewe. Hiyo ni kazi ngumu kwa kikundi kidogo, na naiheshimu, ingawa kwa mashine ya kazi ya kila siku ningefikiri mara mbili.

Nirudi kwenye usalama, kwa sababu hapo ndipo ninapohofia zaidi. Msaada wa mwisho wa Debian 6 ulifungwa tarehe 29 Februari 2016, na wewe uliacha kupokea viraka vya kuziba kasoro miaka mitatu kabla ya hapo. Kivinjari chako hakijaharibika. Tovuti za leo hudai usimbaji wa mawasiliano wa TLS 1.2 kwenda juu, na kivinjari cha Debian 6 kilizaliwa kikijua TLS 1.0 tu, kwa hiyo mlangoni hawaelewani lugha. Hilo ni tatizo linaloonekana. Yasiyoonekana ni mabaya zaidi. Septemba 2014 iligundulika kasoro ndani ya bash, programu inayopokea amri kwenye terminali (dirisha la kuziandika), iliyopewa jina la Shellshock. Ilikuwa imejificha humo kwa takriban miaka 25. Kiraka cha Debian 6 kilitolewa, lakini kwako hakikufika.

Usijifariji kwamba huna cha kuibiwa. Kazi yako ni kupokea faili za watu. Kila PDF, kila picha ya jalada, kila muswada unaoufungua husomwa na maktaba za msimbo za zaidi ya miaka kumi iliyopita, ambazo udhaifu wake umeandikwa na kuchapishwa kwa yeyote anayetaka kuusoma. Muswada ambao mwandishi hajautoa bado ni amana mikononi mwako.

Lakini kauli ya mdogo wako kwamba kila cha zamani si salama siikubali. Tarehe ya kuzaliwa haisemi mengi. Tarehe ya kiraka cha mwisho ndiyo inayosema. Itifaki ya X11 ni ya mwaka 1987 na seva yake bado inarekebishwa. Programu iliyotoka mwaka jana na mtengenezaji wake akaitelekeza ni hatari kuliko ya miaka thelathini yenye watunzaji. Ukitaka kulipima eneokazi lolote, uliza nani analirekebisha, na mara ya mwisho alilirekebisha lini.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa maeneokazi ya zamani hawapendi kulisikia, nami nikiwa mmoja wao nitalisema. X11 yenyewe ina udhaifu wa kimaumbile. Iliundwa enzi ambazo programu zote kwenye skrini moja ziliaminiana, kwa hiyo programu yoyote inaweza kusikiliza vibonyezo vya kibodi vinavyokusudiwa programu nyingine. Terminali ya zamani ya xterm ina chaguo kwenye menyu yake linaloitwa Secure Keyboard kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Kufunga skrini nako ndani ya X11 ni programu tu inayojitandaza juu ya nyingine. Ikianguka, pazia linaanguka nayo. Januari 2021 iliripotiwa kwamba watoto waliokuwa wanabofyabofya kibodi halisi na ile ya kwenye skrini kwa pamoja waliweza kuifungua kompyuta ya Linux Mint iliyofungwa, kwa kuiangusha programu ya kufunga skrini. Kasoro ile ilizibwa upesi, lakini umbile lililoiruhusu lipo pale pale. Wayland, iliyoanza 2008, iliundwa tofauti: kila programu hupata vibonyezo vyake tu, na skrini iliyofungwa inaweza kubaki imefungwa hata programu ya kufunga ikianguka.

Mbona basi wote hawahami? Kwa sababu Wayland iligawanya mzigo upya. Zamani seva ya X ilikuwa moja, inatumiwa na wote, na eneokazi dogo kama MATE lilihitaji tu msimamizi wa madirisha mwepesi juu yake. Ndani ya Wayland kazi ya seva na kazi ya msimamizi wa madirisha zimeunganishwa, na kila eneokazi linatakiwa liibebe yote. GNOME na KDE wana watengenezaji wa kutosha. MATE na Xfce hawana utitiri huo. Xfce 4.20, ya Desemba 2024, ilihamisha sehemu zake nyingi lakini si msimamizi wake wa madirisha. Anayetaka kuijaribu ndani ya Wayland huazima wa mradi mwingine kama labwc au Wayfire. MATE bado nyumbani kwake ni X11. Wakati huo huo wakubwa wanaufunga mlango: Red Hat Enterprise Linux 10, ya mwaka 2025, ilitoka bila Xorg, ile seva ya X11, na GNOME 49 ya Septemba 2025 ilizima, kwa mipangilio yake ya kawaida, njia ya kuingia kwa X11.

Kwa hiyo ushauri wangu una tarehe ya mwisho, na ni haki yako kuijua. MATE kwenye Debian 13 itapata viraka vya kawaida hadi Agosti 2028, na vya muda mrefu hadi Juni 2030. Hiyo ni miaka ya kufanya kazi kwa amani huku ukitazama MATE inaelekea wapi.

Jinsi ya kufika huko ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa kuwa mdogo wako tayari amekuwekea Debian 13. Hakuna haja ya kufuta chochote. Fungua terminali uandike

sudo apt install task-mate-desktop

usubiri imalize. Ikikuuliza uchague kati ya gdm3 na lightdm, programu mbili za ukurasa wa kuingia, acha gdm3 iliyopo. Toka, na kwenye ukurasa wa kuingia, ukishachagua jina lako, utaona alama ya gurudumu la meno pembeni. Ibofye, chagua MATE, uingie. GNOME itabaki palepale kwa siku utakayoitaka. Nakuomba lakini ufungue akaunti ya pili ya mtumiaji kwa ajili ya kujaribia, kwa sababu maeneokazi mawili ndani ya akaunti moja huingiliana: mandhari hugongana, programu zinazojiwasha zenyewe zinarundikana, na unajikuta na vidhibiti vya faili viwili. Si hatari, ni fujo tu, lakini ndiyo inayowafanya watu waseme eneokazi fulani ni bovu.

Kwenye kuhamisha kazi zako, usiibebe folda yako nzima ya nyumbani pamoja na zile zilizofichwa, zinazoanza na nukta. Mipangilio ya GConf haitakusaidia huko uendako. Beba nyaraka zako, kisha chimba vitu viwili ambavyo watu husahau. Kama ulikuwa unaandika madokezo kwenye Tomboy, yako ndani ya .local/share/tomboy, katika faili za XML ambazo kihariri chochote cha maandishi kitazifungua. Na kamusi yako binafsi ya tahajia, maneno yote uliyoifundisha OpenOffice kwa miaka hiyo, iko kwenye .openoffice.org/3/user/wordbook, faili ya standard.dic. Ihamishie kwenye folda ya wordbook ya LibreOffice. Kwa mhariri, faili hiyo ndogo ina thamani kuliko mandhari zote.

Kuna hali moja ambapo ningekushauri Plasma badala ya MATE: kama skrini yako mpya ina pikseli zilizosongamana mno, au una skrini mbili zisizolingana msongamano. MATE hukiacha kila kitu kwa ukubwa wake wa kawaida au hukikuza maradufu, hakuna katikati, na maandishi yanaweza kuwa madogo mno au makubwa mno. Plasma 6, iliyotoka Februari 2024, hukuza kwa viwango vya katikati ndani ya Wayland, na inakuruhusu kuweka upau juu, mwingine chini, orodha ya madirisha na kurasa nne za kazi. Menyu tatu hutazipata kama zilivyokuwa, lakini kwa jioni moja ya kupangapanga utakuwa na kitu ambacho mikono yako itakitambua. Kwa wewe ambaye siku moja huenda ukalazimika kuiacha X11, ningependa uifahamu Plasma mapema, wikendi moja moja, bila haraka.

GNOME yenyewe siikandii. Siku tatu hazikutosha kuionja. Inapendeza zaidi kwa anayetumia kibodi na padi ya kugusa kuliko kwa anayeishi na kipanya, na kitufe cha kushusha dirisha kinaweza kurudishwa kwa programu ya Tweaks. Ninachokukataza ni kuijaza viendelezi, vijiprogramu vya kuibadilisha sura yake, mpaka ifanane na GNOME 2. Hutoka toleo jipya kila miezi sita, na viendelezi vinaweza kuvunjika; GNOME 45, ya Septemba 2023, ilibadilisha namna vinavyopakiwa na ikabidi vyote vifanyiwe marekebisho. Kwenye Debian mapigo hayo yatakufikia kila baada ya miaka miwili hivi, lakini yatakufikia. Mpangilio ulioshikizwa kwa pini si wa kutegemea kazini.

Ile Debian 6 usiitupe. Kuhifadhi maeneokazi ya zamani ni kazi ya maana. Mwaka 2016, KDE ilipotimiza miaka 20, mtengenezaji mmoja aliirekebisha KDE 1 ikawaka tena kwenye mifumo ya wakati huo, na CDE, eneokazi la mashine za Unix la miaka ya 1990, liliachiwa msimbo wake wazi Agosti 2012 na bado lina watunzaji. Yako unaweza kuihifadhi kwa kuchukua nakala ya diski nzima kwa Clonezilla, halafu kuiwasha ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, kwa VirtualBox au QEMU, ikiwa imekatiwa mtandao. Itakuwa dirisha ndani ya MATE yako. Utaifungua pale utakapokuta muswada wa zamani unaopangika vizuri ndani ya programu ya wakati ule tu.

Ukitaka kuendelea kutumia kile chuma cha zamani chenyewe, andika lscpu kwenye terminali na utazame mstari wa op-mode. Ukisoma 32-bit peke yake, Debian 13 haitajisakinisha humo. Debian 12 itakubali, na viraka vyake vya muda mrefu vinaendelea hadi Juni 2028. Kwa vyovyote vile mwambie mdogo wako asijaribu kuipandisha Debian 6 hatua kwa hatua hadi 13. Ni ngazi saba, hairuhusiwi kuruka hata moja, na kila moja ina mtego wake. Safisha, sakinisha upya.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hauwezi kuyafanya. Kama diski ya ile kompyuta ya zamani inatoa sauti ya kugongagonga, au faili zinachukua muda mrefu isivyo kawaida kufunguka, izime sasa na uipeleke kwa fundi wa kuokoa data kabla hujaiwasha tena kwa lolote, maana kila kuwashwa kunaweza kuwa kwa mwisho. Kama ulisimba diski na hukumbuki vizuri nywila, usibahatishe peke yako. Kama mkataba wako na wachapishaji unakudai ulinzi wa miswada, mtu anayejua usalama akague zile faili zilizotoka kwenye Debian 6 kabla hazijaingia kwenye mashine mpya. Na kama sehemu ya ugumu wa zile siku tatu ilikuwa macho au maumivu ya kifundo cha mkono, sema wazi, kwa sababu hapo uchaguzi unabadilika: kisoma skrini cha Orca, ukubwa wa maandishi na mikato ya kibodi vinapaswa kujaribiwa ukiwa umeketi kwenye kiti chako, na mtu kando yako.

Mdogo wako anaweza kuwa mtu huyo. Mwombe aje siku utakayoingia MATE mara ya kwanza, asiguse chochote, aketi tu atazame mikono yako inavyofanya kazi kwa nusu saa.